Nusu ya Mkasi wa Mama

Nianze na ujinga wenyewe, nisije nikaonekana najitetea. Ijumaa moja asubuhi, mama akiwa ameshaondoka kwenda Matiri kumsaidia bibi kuchuma kahawa, nilichukua bisibisi ya baba, nikaufungua mkasi wa mama wa kukatia nguo, nikautenganisha vipande viwili. Kipande kimoja nikakirudisha kwenye droo ya cherehani. Kingine nikakifunga kwenye gazeti, nikaenda nacho shule.

Sikuwa na hasira na mtu. Sikutumwa na shetani, ingawa jioni baba alimtaja mara tatu. Nilitaka tu kuchekesha darasa.

Sasa, kama hujawahi kuishi na fundi cherehani, unaweza kusema mkasi ni mkasi tu, unauzwa sokoni. Hapana. Mkasi wa mama ni mzito kama nyundo, mweusi, na tundu la vidole limezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili usimchubue. Aliachiwa na mjomba wake aliyekuwa fundi kule Lituhi, na yeye mwenyewe hakumbuki mjomba aliupata wapi. Nyumbani kwetu unaruhusiwa kugusa vitu vingi. Redio ya baba unagusa. Simu ya mama unagusa, ukinawa. Mkasi huo hugusi. Haukati karatasi, haukati kucha, haukati kamba ya mbuzi, na ole wako uuchezeshe hewani bila kitambaa ndani, kwa sababu mama anasema meno yake yanasagana bure. Akinoa, ananoa pande zote mbili siku moja, kwa mnoaji yuleyule. Dada yangu mdogo, yuko darasa la tatu, aliwahi kukatia mdoli wa magunzi nywele kwa mkasi ule. Mdoli alizikwa siku hiyohiyo.

Basi nikijua yote hayo, nikaufungua. Skrubu ilikuwa imeganda. Nikaidondoshea mafuta ya cherehani, nikaigonga kidogo na kisigino cha kiatu, ikaitika. Skrubu yenyewe nikaitia kwenye mfuko mdogo wa suruali ya shule, ule wa mbele ambao sijui walioubuni walitaka tuweke nini.

Chanzo chake kilikuwa Alhamisi, kipindi cha Kiingereza. Madam wetu wa Kiingereza ni mgeni, amepangiwa Mbinga akitokea mkoa wa mbali wenye ndizi nyingi na mvua nyingi, na bado anashangaa baridi yetu ya mwezi wa saba. Anafundisha amevaa sweta mbili. Siku hiyo aliandika ubaoni: scissors, trousers, shorts, glasses, pliers, scales. Akasema haya ni maneno ambayo Waingereza hawana umoja wake, au wanao lakini hawautumii. Kitu ni kimoja, umekishika mkononi, lakini lazima ukiite kana kwamba viko vingi.

Darasa likanung'unika. Sisi tunaotoka nyumba zenye suruali moja moja tuliona huu ni uonevu.

Nikanyoosha mkono. "Madam, so now I am wearing how many?"

"One pair," akasema.

"One pair is two, madam."

"Sit down."

Nikakaa, lakini mdomo haukukaa. Nikaendelea kwa Kiswahili, chini chini, kwa ajili ya benchi letu: basi baba yangu, ambaye miwani yake imebaki kioo kimoja tangu aikalie kwenye harusi, yeye amevaa nusu ya nini? Benchi likacheka. Kijana mmoja wa mbele, yule anayejua kila kitu, akasema hata sisi tunayo hayo, mbona maji ni mengi hata yakiwa kwenye kijiko? Madam akafurahi sana, akamsifu. Mimi sikusifiwa. Na kitu kinachonisumbua maishani ni mtu mwingine kusifiwa nikiwa darasani.

Kengele ilipokaribia, madam akatoa kazi: kesho kila mtu aje na kitu kimoja kutoka nyumbani ambacho jina lake liko kwenye orodha ile, asimame mbele, akieleze kwa sentensi tano. Halafu akanigeukia mimi, akitabasamu, na sweta zake mbili. "And you, my friend. The day you bring me a scissor, one scissor, I will give you full marks."

Nawauliza nyie mnaosoma: mtu mwenye akili zangu angefanyaje?

Ijumaa, kipindi cha tatu. Mmoja kaleta koleo la baba yake fundi umeme. Mmoja kaleta miwani ya babu iliyofungwa na uzi masikioni. Wasichana wawili wamekuja na kaptula moja ya mtoto mchanga, wanaieleza kwa kupokezana kama watangazaji wa redio. Zamu yangu ikafika. Nikatembea polepole. Nikafungua gazeti, nikainua juu kile kipande cheusi chenye tundu moja na meno yake marefu.

"Madam," nikasema, "this is a scissor."

Darasa lilipasuka. Nimewahi kuchekesha watu, lakini kile kicheko sijakisikia tena. Walipiga madawati. Yule anayejua kila kitu alicheka mpaka akalala juu ya daftari. Madam mwenyewe alijishika kiuno, machozi yakamtoka, akasema, "Does it cut?" Nikachukua karatasi, nikaipitisha, ikakunjamana tu, haikukatika. Nikajaribu kukata hewa, nikamtishia adui asiyeonekana, nikageuka na kipande changu kama askari wa zamani, na pale mlangoni alikuwa amesimama mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu wa nidhamu ni mtu wa ziwani, mkimya, mrefu, viatu vyake havisikiki. Hakucheka. Alitazama mkononi mwangu na nikaona anachokiona: kijana wa kidato cha tatu anazungusha mbele ya mwalimu wa kike chuma chenye ncha, urefu wa mkono wa mtoto.

"Lete hicho kisu."

"Si kisu, mwalimu, ni..."

"Ni nini?"

Nikakosa jina. Lile lililochekesha watu dakika moja nyuma halikutamkika. Madam alijaribu kunitetea, akaeleza, lakini mwalimu wa nidhamu aliitikia kwa kichwa tu, akakivingirisha kipande kwenye gazeti langu mwenyewe, akaondoka nacho. Saa saba nilipokwenda ofisini kupiga magoti, nikaambiwa ameshateremka Mbamba Bay kwao, atarudi Jumatatu.

Hapa lazima niseme kilichokuwa nyumbani, kwa sababu ndicho kinachofanya hadithi hii isiwe ya kuchekesha peke yake.

Juu ya meza ya mama kulikuwa na sare ishirini na mbili za kwaya. Jumapili askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na kwaya ya parokia ilikuwa imeamua kumwimbia ikiwa na nguo mpya: gauni na mashati meupe yenye kola pana ya bluu iliyoiva. Miaka yote kazi za kwaya huwa anapewa fundi wa stendi, mwanaume mwenye cherehani tatu na kibao cha rangi. Mama ana cherehani moja kwenye kibaraza cha duka la watu, anashona viraka na sare za shule. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wanawake wa kwaya walimpigania, akapewa yeye. Mwenyekiti wa kwaya, mzee anayeimba besi hata akiwa anaongea, alikubali kwa shingo upande. "Fundi," alimwambia mama, mimi nikiwa nasikia, "Jumamosi saa kumi na moja jioni, kabla ya mazoezi, ziwe kanisani. Ikipungua hata moja, tutajua tulikosea wapi."

Mama alikuwa ameshashona nguo zote. Zilibaki kola tu. Alipanga azikate Ijumaa mchana akirudi kutoka Matiri, azishone mpaka Jumamosi.

Alirudi saa nane, mikono bado ina utomvu wa kahawa. Akanawa, akafungua droo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu nilikuwa nimeamua kukiri, na nilikuwa natafuta sentensi ya kwanza. Akatoa kile kipande kilichobaki. Akakigeuza. Akanitazama.

"Mwenzake yuko wapi?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, na Kiingereza chake chote, mpaka kicheko cha darasa. Kuna sehemu hata nilitabasamu, Mungu anisamehe. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyamaza.

Lazima umjue mama ili uelewe. Mama anaongea. Anaongea na kuku, anaongea na cherehani, anaongea na picha ya Bikira Maria kama jirani yake. Kwetu na baba tunatumia Kimatengo, barabarani Kiswahili, na mama akikasirika anahamia Kinyasa cha kwao Lituhi, ambacho sisi watoto tunakijua kwa upande wa matusi tu. Tumezoea. Lakini siku ile hakuhama lugha. Alininyamazia kwa lugha zote tatu. Ningepewa fimbo ningeshukuru.

Jioni alikaa mezani, akamwambia dada yangu, "Mwambie kaka yako ugali uko tayari."

Dada yangu, ambaye alikuwa amekaa katikati yetu, akanigeukia kwa furaha ya mtu aliyeukwaa ukarani. "Kaka, mama anasema ugali uko tayari."

"Mwambie asante."

"Mama, anasema asante."

"Sijasikia mtu," mama akasema.

Baba alivaa miwani yake ya kioo kimoja, akanitazama na kile kioo.

Mama aliazima mkasi wa saluni, ukatafuna kitambaa kama mbuzi. Kwa fundi wa stendi hakwenda na sikumuuliza kwa nini. Mwisho alinunua nyembe, akatandaza kitambaa cha bluu juu ya kipande cha mbao, akaanza kukata kola kwa wembe, moja moja, amepiga magoti sakafuni. Kola pana ina kona ya mviringo. Jaribu kukata mviringo kwa wembe, utanielewa.

Mimi nilikwenda kwa madam kumwomba namba ya mwalimu wa nidhamu. Madam alipoona uso wangu aliacha kucheka, akapiga mwenyewe. Nilisikia sauti ya mwalimu kwa mbali: kipo hapa nyumbani, hawezi kumkabidhi kondakta chuma chenye ncha, mwanafunzi aje mwenyewe. Madam akanipa nauli ya kuteremka na kupanda. Nikasema nitarudisha. Akasema, "Don't talk. Go."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye Hiace ya kwanza. Mbinga kulikuwa na ukungu, Mbamba Bay jua lilikuwa limeshawaka, na mimi nilikuwa nimevaa sweta. Nyumba ya kina mwalimu nilielekezwa na watoto. Ilikuwa karibu na mchanga, unaliona ziwa lote mpaka mahali ambapo huwezi kusema ni maji au ni mbingu. Kwenye chanja wameanika dagaa wa usipa, wanameta kama misumari mipya. Na kivulini, kwenye kigoda, amekaa bibi mmoja na beseni la samaki, anapara magamba.

Anapara magamba na kipande cha mkasi wa mama.

Nikasahau hata kusalimia. Alikuwa amepitisha vidole vyake kwenye lile tundu lenye mpira wa tyubu, ameshika mbasa mkubwa mkiani, na anapara kwa ustadi, kwa makali yenyewe, magamba yanaruka mpaka kwenye miguu yangu.

"Wewe husalimii?" akasema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unataka samaki?"

"Hapana bibi. Nimemfuata mwalimu. Nimefuata hicho."

"Hiki?" Akakiinua, akakitazama kwa mapenzi. "Kisu changu? Mwanangu kaniletea jana. Mimi kila siku nalia na visu, hiki hapa kina hata pa kutia vidole. Huyu mtoto tangu ameanza kazi ndiyo mara ya kwanza kuniletea zawadi aliyoifikiria."

Wakati huohuo mwalimu wa nidhamu akatokea nyuma ya nyumba. Amevaa msuli. Amebeba ndoo ya maji kichwani. Naomba mnielewe: huyu ni mtu ambaye shule nzima ikisikia amekohoa, watu wanachomekea mashati. Akaniona. Ndoo ikayumba.

"Umefika," akasema.

"Shikamoo mwalimu. Nimefika."

Bibi akamtazama yeye, akanitazama mimi, akakitazama kisu. Bibi yule hakusoma shule, lakini angeweza kuwa hakimu. "Hiki ni cha nani?" akauliza.

Mwalimu akatua ndoo. "Mama, nilimnyang'anya darasani. Nilitaka Jumatatu..."

"Nimeuliza ni cha nani."

"Ni cha mama yangu, bibi," nikasema. "Ni nusu ya mkasi. Yeye ni fundi. Ana sare za kwaya za kukabidhi leo jioni, sasa hivi anakata kwa wembe."

Kilichofuata kilikuwa Kinyasa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikifurahia, kwa sababu hakikuwa kinanielekea mimi. Mwalimu wa nidhamu alisimama mikono nyuma, ameinamisha kichwa, msuli wake unapepea, na anasema tu "ndiyo mama, ndiyo mama." Niliyaelewa maneno machache, na yale niliyoyaelewa siwezi kuyaandika. Mwisho bibi akahamia Kiswahili ili na mimi nifaidike: "Umechukua chuma cha kazi cha mwanamke mwenzangu, ukaniletea mimi nipare samaki. Mimi nikakusifu kwa majirani. Leo nitawaambia nini?"

Halafu akanigeukia. Nilikuwa nimeanza kutabasamu. "Na wewe meno hayo ya nini? Nani alikiondoa kwa mwenzake?"

"Mimi, bibi."

"Kaa chini. Hawa saba waliobaki ni wako."

Nikapara mbasa watano. Bibi hakuniruhusu kutumia kipande cha mama tena, alikiosha kwa maji ya ziwa, akakipaka mafuta ya kupikia, akakifunga kwenye khanga. Nikatumia kisu chake cha zamani, ambacho kwa kweli kilikuwa kibaya, na nikaelewa kwa nini alilia. Mwalimu alikaa pembeni yangu akapara wawili waliosalia. Tulikuwa watoto wawili wa watu tumeadhibiwa pamoja. Tulipomaliza akaninong'oneza, "Hukuona kitu hapa."

"Sijaona kitu, mwalimu."

"Ndoo?"

"Ndoo gani, mwalimu?"

Akanisindikiza mpaka kwenye gari. Bibi alikuwa amenipa mbasa wawili kwenye mfuko. "Mpe mama yako. Mwambie ni kutoka kwa mwenzake mwenye mtoto mjinga."

Nilifika Mbinga saa nane kasoro. Sikuingia nyumbani kwanza, nilipita dirishani tu, dada yangu akanipa ile nusu nyingine kwa siri, nikakimbia nazo zote mbili sokoni kwa mnoaji. Mnoaji wa mama ni mzee ambaye amesimamisha baiskeli yake juu ya stendi yake, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka. Akakinusa kile kipande.

"Mkasi wa mama yako umeenda ziwani?"

"Umeenda, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Upande huu umetafunwa. Nikiunoa huu peke yake hautakubaliana na mwenzake tena. Lazima nimnoe na huyu ambaye hana kosa." Akavinoa vyote viwili, kwa zamu, akivilaza mgongo kwa mgongo, akitazama mwanga katikati. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu dakika, yeye alikuwa anapiga mluzi.

Nilipoingia nyumbani ilikuwa saa tisa na robo. Mama alikuwa kwenye cherehani. Kola ishirini na moja zilikuwa zimeshashonwa, nguo zimetundikwa kwenye kamba iliyovuka sebule nzima, nyeupe na bluu, kama kwaya yenyewe imekuja kututembelea bila vichwa. Ya ishirini na mbili ilikuwa kwenye mapaja yake, haina kola. Mezani kulikuwa na kipande cha mwisho cha kitambaa cha bluu, kimekatwa kombo, na juu yake tone kubwa limekauka. Kidole cha shahada cha mama kilikuwa kimefungwa na kitambaa cheupe.

Wembe ulikuwa umeteleza. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimekwisha. Na cha aina ile dukani, dada aliniambia, kilikwisha tangu Jumatano.

Sijui mtu hufanya nini na mikono yake wakati kama ule. Nikaweka samaki chini. Nikaweka vipande viwili vya mkasi mezani, pembeni ya lile tone. Nikasema, "Mama, samahani." Haikuwa sentensi nzuri, na nilikuwa nimepanga nyingine ndefu zaidi tangu Mbamba Bay.

Mama akavishika vile vipande. Akavilinganisha. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, upande mmoja, upande wa pili. Akamwambia dada yangu, "Muulize kaka yako skrubu iko wapi."

"Kaka, skrubu iko wapi?"

"Iko kwenye mfuko wa suruali ya shule."

"Mama, iko kwenye mfuko wa..."

"Ailete hiyo suruali."

Nikaiondoa msumarini, nikaileta. Mama akaingiza vidole kwenye ule mfuko mdogo, akatoa skrubu. Lakini suruali hakuirudisha. Aliishika. Akaikunjua kwenye mwanga wa dirisha. Akaushika mguu mmoja, akauweka pembeni ya kola ya sare iliyotundikwa. Mama ndiye aliyenishonea suruali ile, mwezi wa kwanza. Kwa kitambaa cha bluu iliyoiva. Kutoka dukani palepale.

Nikaelewa kabla hajafanya chochote. Baba naye akaelewa, kwa sababu alivua miwani, na baba huvua miwani anapotaka kuona vizuri.

Akafunga skrubu. Akaufungua na kuufunga mkasi mara moja, polepole, na ule mlio wake wa zamani ukarudi, mlio ambao nimelala nao tangu utoto bila kujua kwamba naupenda. Halafu akaweka suruali yangu mezani, akapima kwa shubiri, akakata mguu wa kulia juu kidogo ya goti. Mkasi ulipita kama unapita kwenye uji.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano mimi na dada yangu tulikuwa tunakimbia kanisani na mizigo kichwani. Mwenyekiti wa kwaya alihesabu kwa besi mpaka ishirini na mbili. Akageuza kola, akaangalia ndani, akavuta uzi, akatafuta kosa kama mtu aliyedondosha kitu. Hakulipata. Akasema, "Mwambie fundi, Krismasi tutahitaji na vitambaa vya kichwani." Nilirudi nyumbani kumwambia mama, na kwa kuwa alikuwa haongei na mimi, nilimwambia dada, na dada alimwambia mama, na mama alimwambia dada amwambie mtu huyo aoshe vyombo.

Jumapili nilikaa kwenye benchi la nyuma. Askofu alipoingia kwaya ilisimama, na wote tulitulia, hata mimi. Sauti ya kwanza katika mstari wa mbele, mama mmoja mnene mwenye shavu la kuchekesha, alikuwa amevaa mguu wa suruali yangu shingoni. Nilimjua, kwa sababu kwenye kona ya kola palikuwa na doa dogo la wino lililogoma kutoka tangu muhula wa kwanza. Aliimba amefumba macho. Kila akivuta pumzi suruali yangu ilipanda na kushuka. Nilitaka kumwonyesha mtu, nilitaka kuchekesha benchi zima, na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikamtazama mama, mistari mitatu mbele yangu. Haimbi. Anahesabu kola kwa macho, moja moja, na kidole chake kilichofungwa kinagonga goti. Nikayameza.

Mchana tulikula wale mbasa wa bibi. Mama alikuwa amewakaanga wakakauka, halafu akawarosti kwa nyanya, kama wanavyofanya kwao. Niliposogea mezani nikakuta kwenye kiti changu imekunjwa suruali yangu ya shule, imepigwa pasi. Nikaikunjua. Miguu yote miwili ilikuwa mifupi, imepindwa vizuri, imeshonwa mara mbili kwenye pindo, ya kudumu. Nikamwangalia dada, nikisubiri ukarani wake. Dada akamwangalia mama. Mama akamega ugali, akaniangalia mimi mwenyewe, usoni, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akasema:

"Mguu wa pili nao nimeukata, maana usingeweza kukaa bila mwenzake. Kesho vaa kaptula. Haya, sogea ule, samaki anapoa."